Jasusi wa Chanika na Kengele ya Mzee Leodegar

Haya ni kweli tupu, na anayebisha apande aende Chanika akaulize. Kama nimetia chumvi hata ya ncha ya kidole, ugali wangu na uwe mbichi mpaka Krismasi. Mzee Leodegar mwenyewe mnamjua: hajawahi kusema uongo maishani mwake, isipokuwa siku zile alizofungua mdomo.

Wiki iliyopita tulimwacha amesimama sebuleni kwake, fimbo mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia kimegota kwenye kioo cha kompyuta. Mtaa mzima umejazana mlangoni na madirishani. Kengele ya ile programu ya ulinzi aliyoiweka kwenye kompyuta wiki mbili zilizopita imelia kwa mara ya saba tangu asubuhi, na leo kwa mara ya kwanza mzee amewahi kusoma jina kabla halijafutika kiooni. Kwa herufi nyekundu kumeandikwa:

KIFAA KIPYA KIMEINGIA KWENYE MTANDAO WAKO. JINA: SIMU YA VENANCE.

Na Venance mwenyewe, fundi simu wa pale kona, yuko mbele yake.

"Sema!" Leodegar alinguruma. "Ni yako, si yako?"

Venance alikitazama kioo. Akamtazama mzee.

"Ni yangu," alisema.

Dirishani mmoja akasema "Yesu!", mwingine akasema "Lahaula!", na Yuliana, mke wa Leodegar, akakaa bila kuangalia kama nyuma yake kuna kiti. Bahati nzuri kulikuwa na ndoo.

Lakini aliyeshtuka kuliko wote ni Leodegar. Hakulitegemea jibu hilo. Alikuwa ameandaa hotuba ya dakika ishirini ya kumbana mtuhumiwa, yenye vipengele vitatu na methali mbili, na sasa mtuhumiwa amekiri kabla ya kipengele cha kwanza. Ilimuuma sana.

"Rudia," alisema. "Labda hujalielewa swali."

"Nimelielewa, mzee wangu. Simu ni yangu. Hii hapa."

"Mama Mwenyekiti, umesikia? Amekiri!"

Mama Auleria, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, alikuwa amelijaza sofa la watu wawili peke yake, daftari magotini, muhuri ndani ya pochi. Alikuja kwa jambo moja tu. Tangu Jumatatu, Leodegar alipoanza kuutangazia mtaa kwamba kuna jasusi anayeingia kwenye kompyuta za watu kupitia mikono ya fundi simu, hakuna aliyemwachia Venance simu tena. Siku tano, hata chaja moja hakuuza. Na Venance ana watoto watatu wanaokula kila siku, Jumapili ikiwemo. Leo ilikuwa ama asafishwe, ama kibanda kifungwe kwa muhuri wa serikali.

"Venance," Mama Auleria alisema, "umeingiaje kwenye mtandao wa mzee?"

"Kwa pasiwedi, Mama."

"Umeipata wapi?"

"Kwake mwenyewe."

Leodegar akaachia kicheko kirefu, kile alichokuwa akikitumia kazini.

"Mie? Mie niliyeshika funguo za stoo ya kiwanda cha rangi Mikocheni miaka thelathini na moja, mhasibu mwenyewe akawa anabisha hodi kama mgeni, leo nikupe wewe pasiwedi? Lini?"

"Ulinipa mbele za watu," Venance alisema taratibu. "Na watu wenyewe ndio hawa. Waulize."



Venance akageuka mlangoni. Watu wa mlangoni wakaangalia dari. Akageuka dirishani. Watu wa dirishani wakaanza kuhesabu nondo. Akamwangalia Mwalimu Kasiani, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye Jumatatu alikuwa wa kwanza kwenda kuchukua simu yake kibandani, ikiwa bado imefunguliwa, akaibeba vipande vipande kwenye mfuko wa sukari.

"Mimi," Mwalimu Kasiani alikohoa, "kuhusu hilo silijui lolote, na hata kama ningelijua, silikumbuki."

"Haya," Venance alisema. "Nimeelewa."

Leodegar akahisi ushindi unampanda kuanzia kwenye nyayo. Akaifungua karatasi ya manila aliyoichora kwa kalamu tatu usiku na mchana, akaibandika ukutani juu ya picha ya harusi yake.

"Tazameni! Mashambulizi yana ratiba! Saa kumi na moja alfajiri, wimbi la kwanza. Saa nne asubuhi, la pili. Saa moja jioni, wimbi kubwa, linadumu dakika tisini kamili. Hili si jambo la mtu mmoja! Hii ni mitambo! Nimekokotoa mwenyewe, mawimbi yanatoka kwenye nyambizi iliyojificha chini ya bahari, halafu huyu hapa ndiye antena yao!"

"Nyambizi inakuja Chanika kufuata nini?" mtu wa dirishani aliuliza. "Mihogo?"

"Inafuata siri!"

"Siri gani?"

Leodegar hakuwa amefika huko kwenye utafiti wake. Kompyuta yake ilikuwa na picha za wajukuu, barua ya kuomba kuunganishiwa maji, na mchezo wa karata. "Kama ningeitaja," alisema, "ingekuwa siri?"

Mama Auleria alifunga daftari. "Basi inatosha. Namwita mgambo, aje tukafunge kibanda, mengine watayamaliza wakubwa." Akaitoa simu yake kwenye pochi. Alikuwa ameizima kwa heshima ya kikao. Akaiwasha.

Ti-ti-ti-ti!

Kengele! Mara ya nane! Leodegar akaruka, akakigeukia kioo, akasoma kwa sauti kabla macho hayajaiambia akili:

"Kifaa kipya kimeingia kwenye mtandao wako. Jina: Simu ya... Auleria... Mwenyekiti."

Nzi aliyekuwa akizunguka taa aliamua kutua.

"Hiyo mashine inaongopa," Mama Auleria alisema.

"Mashine yangu haiongopi!"

"Basi nyambizi imenipitia na mimi!"

Hapo ndipo Venance akapiga hatua mbele, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akaongea kama mtu aliye kazini kwake.

"Mzee, mie ni fundi. Fundi hatafuti mwizi, anatafuta tatizo lilipo. Kila aliye na simu humu ndani na hapo nje aizime. Zote. Halafu nitawaambia muwashe mmoja mmoja."

"Kwa nini?" Mwalimu Kasiani aliuliza haraka mno.

"Ili tujue kengele inamlilia nani."

Watu wakazima shingo upande, kama watoto wanaotapishwa pipi. Leodegar akavuta kiti mbele ya kompyuta, akashika kalamu. Kwa moyo wote aliamini jina la Venance tu ndilo litakalorudi.

"Mwalimu, washa."

Ti-ti-ti-ti! SIMU YA KASIANI.

"Wewe wa shati la kijani."

Ti-ti-ti-ti!

"Mama uliyebeba beseni."

Ti-ti-ti-ti!

Mpaka wanamalizika, Leodegar alikuwa ameandika majina kumi na saba. Kumi na saba! Wote ndani ya mtandao wake, wanakula bando lake la mwezi mzima, lile ambalo kila tarehe kumi na nne linaisha yeye akalaumu mawingu.

Mtu mwingine angeona aibu hapo, akaomba maji ya kunywa. Leodegar si mtu mwingine. Alisimama, akakishika kidevu, na macho yakamng'aa.

"Wananchi," alisema kwa sauti ya chini. "Hizi simu zenu kumi na saba. Zilipoharibika, mlimpelekea nani?"

Watu wakatazamana.

"Mama Mwenyekiti, betri yako alibadilisha nani?"

"Venance," alisema Mama Auleria.

"Mwalimu, kioo?"

"Venance!" Mwalimu Kasiani alipaza sauti, na uso wake ukafunguka kama aliyetupiwa kamba kisimani. "Alinibadilishia mwezi wa pili! Kumbe ndipo aliponiwekea!"

"Na mie spika!"

"Na mie alinifutia virusi, kumbe anavipanda!"

"Mnaona?" Leodegar alisema, na mwenyewe alishangazwa na ukubwa wa akili yake. "Ninyi si wezi. Ninyi ni majeruhi!"

Neno hilo liliwapendeza sana. Ghafla sebule nzima ikawa ya majeruhi. Waliokuwa wakihesabu nondo wakawa wanamnyooshea Venance vidole katikati ya hizo nondo. Yule mama akaweka beseni chini ili apate mikono miwili. Mama Auleria akafungua pochi, akatoa muhuri, akaupulizia.

Venance alisimama katikati yao. Alikuwa anauangalia ule muhuri tu.

"Mna hodi humu au hamna?"

Ilikuwa sauti ya Bi Fatema, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale stendi. Ndiyo kwanza alikuwa amefunga duka, mkononi ana kitambaa cha kufutia vumbi la saruji. Familia yake ilitoka mjini Kisutu ikaja Chanika wakati eneo lote ni mikorosho, na kwa bati, misumari na maneno makavu hakuna aliyemzidi.

Alipovuka kizingiti tu:

Ti-ti-ti-ti! SIMU YA FATEMA.

"Kumi na nane!" Leodegar alipiga kelele. "Bi Fatema, pole sana. Na wewe ni majeruhi. Venance alikutengenezea nini?"

"Venance? Hajawahi kuishika simu yangu. Mpya hii. Nimenunua mwezi wa kwanza, kioo kile kile, betri ile ile. Kwani kuna nini?"

Kelele zikapungua kama jiko la mchina lililoishiwa mafuta.

"Basi," Leodegar alisema, akitafuta ardhi chini ya miguu, "basi wewe ni mshirika wake."

"Mshirika wa nani, bwana wee? Mie waifai yako nimepewa na wewe mwenyewe. Umesahau?"

"Mie? Naapa kwa mifupa ya..."

"Usiape, Mzee Leodegar, utajisumbua bure. Ngoja." Akajifuta vidole, akaanza kupekua picha kwenye simu. "Nilirekodi, nikamtumia dada yangu Sania, akacheka mpaka akameza kokwa ya tende. Haya. Mama Mwenyekiti, shika hapo juu watu waone."

Kioo kidogo kikawaka.

Kulikuwa na maturubai. Kulikuwa na uwanja huu huu wa nyumba hii hii, viti vya plastiki, mapambo ya zambarau, na mtoto ndani ya suti iliyomzidi mikono. Ilikuwa ni sherehe ya kipaimara ya Albano, mjukuu wa Leodegar, miezi mitano iliyopita. Na katikati ya uwanja, tai imehamia begani, alikuwepo mzee mmoja anamnyang'anya emsii kipaza sauti.

Leodegar alimtambua yule mzee. Angeweza kumtambua popote.

"Wageni waalikwa!" mzee wa kwenye video alisema. "Wengine wakiita watu, wanagawa leso! Wengine wanagawa kalenda! Mie Leodegar nagawa waifai! Kuleni, kunyweni, ingieni! Toeni simu! Nasema, semeni! Leodegar!"

"LEODEGAR!" uwanja ukaitikia.

"Bingwa!"

"BINGWA!"

"Sitini na nane!"

"SITINI NA NANE!"

"Herufi kubwa mwanzoni!"

"HERUFI KUBWA MWANZONI!"

"Hakuna nafasi katikati!"

"HAKUNA NAFASI KATIKATI!"

"Tunarudia kwa faida ya waliochelewa!"

Na akarudia. Mara tatu. Ya tatu diskojoki aliipigia ngoma. Mstari wa mbele kabisa, mikono juu, akiitikia kuliko wote, alionekana Mama Auleria na kitenge chake kipya. Pembeni yake Mwalimu Kasiani alikuwa akiandika kwenye kiganja. Na mwishoni kabisa video ikamfuata mzee akipita meza kwa meza, mpaka akafika alipokaa Venance kimya na sahani yake.

"Venance, mwanangu," mzee alisema, akimshika begani. "Mbona huitikii? Lete simu nikuandikie mwenyewe."

Video ikaisha.

Leodegar alitafuta kumbukumbu za siku ile. Alikumbuka keki. Alikumbuka maandamano ya zawadi. Alikumbuka chupa ya wine ya Dodoma aliyoifungua kwa heshima ya paroko. Kitu kilichofuata alichokikumbuka ni kuamka.

Alimgeukia mkewe kwenye ndoo.

"Mama Monica, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi, Baba Monica? Tangu Jumatatu hujafunga mdomo."

Venance aliiendea manila ukutani. "Mzee, hii ratiba yako haina kosa," alisema. "Umeichora vizuri. Ila si nyambizi. Alfajiri ni wanaokwenda msikitini, wanapita hapa kwako. Saa nne ni akina mama wanaokwenda gengeni. Simu ikishajua pasiwedi haiulizi tena, ikipita karibu inaingia yenyewe."

"Lakini inasema kifaa kipya! Kila siku kipya!"

"Simu za siku hizi zinabadilisha namba zake za kujitambulisha. Huyo mlinzi uliyemweka kwenye kompyuta hajui sura za watu, anajua mashati. Jirani yako akija leo na shati jingine, anapiga yowe mwizi. Na kabla ya wiki mbili zilizopita hukuwa na mlinzi, ndiyo maana hukusikia kelele."

"Na saa moja jioni? Dakika tisini kamili?"

"Huyo ni Mwalimu Kasiani. Anakaa kwenye ukuta wako anaangalia mpira."

Mwalimu Kasiani alikitazama kiganja chake, kana kwamba maandishi bado yapo.

Hapo Leodegar angeweza kucheka, na watu wangecheka naye, na kila mtu angerudi nyumbani. Watu walishaanza kutabasamu. Lakini Venance hakutabasamu. Alimgeukia Mama Auleria, akamgeukia Mwalimu, kisha wale wa dirishani, mmoja baada ya mwingine.

"Mlikuwa mnajua," alisema. "Nyote. Niliposema waulizeni, mlikuwa mnajua. Siku tano mnapita kibandani kwangu mnageuza shingo. Nyie hamkuogopa jasusi. Mliogopa bando."

Mama wa beseni akalibeba tena beseni lake, akalishikilia kifuani.

Mama Auleria aliurudisha muhuri kwenye pochi. Mkono wake ulikosea zipu mara mbili. "Ni kweli," alisema. "Na mimi nimo. Hata hivi nilikuwa nimejiandaa kupiga simu ya video kwa dada yangu Bukoba kwa hiyo hiyo waifai." Akashusha pumzi. "Mtaa utatoa kreti ya soda. Mzee Leodegar utatoa jogoo. Jina la mtu likichafuliwa, desturi inajulikana. Leo hii, tukae tule pamoja, yaishe."

"Yule mwekundu au yule wa madoa?" Yuliana aliuliza, ameshasimama.

"Jogoo simtaki," Venance alisema.



"Jogoo ataliwa leo, kesho mteja atapita tena ameshika simu yake kama ameshika yai. Mie nataka ule mdomo. Mdomo ulionichafua ndio uje unisafishe. Mzee akae kibandani kwangu kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Kila atakayepita, amweleze mwenyewe. Ilivyokuwa. Bila nyambizi."

Leodegar akaahidi haraka haraka jogoo wa madoa, kisha mwekundu, kisha wote wawili. Akaongeza redio. Venance akatikisa kichwa.

Jogoo walikuwa bei rahisi. Siku sita za ukweli, zote mfululizo, katika umri wake! Hata daktari asingemruhusu.

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya kibanda, fimbo katikati ya magoti, shati la kanisani. Venance alikuwa ndani, mikono mitupu juu ya meza tupu. Neno la siri la nyumbani lilishabadilishwa Jumamosi ile ile, na jipya Yuliana alilichagua peke yake akakataa kumwambia mumewe.

Mpita njia wa kwanza alikuwa Kamugisha, mfyatua matofali wa ng'ambo ya barabara. Hakuwepo kwenye kikao, na simu yake ilikuwa imekufa tangu wiki iliyopita. Alipokiona kibanda, akaihamishia mfuko wa upande wa pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Kamugisha. Njoo kwanza. Nina neno." Leodegar akalishika neno lenyewe kooni, likagoma, akalisukuma. "Venance hajaingia kwenye kompyuta ya mtu yeyote. Pasiwedi niliitangaza mie mwenyewe kwa kipaza sauti, kwenye kipaimara, nikiwa nimelewa. Halafu nikasahau. Halafu nikamsingizia."

Kamugisha alimwangalia. Akaangua kicheko.

"Mzee Leo! Hiyo sasa umetunga."

"Ni kweli!"

"Wewe? Ulewe, ukosee, usahau, na ukiri, vyote asubuhi moja? Ya nyambizi nilikuwa naiamini kidogo, ila hii hapana." Akaanza kuondoka.

Leodegar akageuka. Venance alikuwa amesikia kila neno, na uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya muhuri. Mzee akaona jambo ambalo miaka sabini hakuwahi kulipigia hesabu: uongo wake watu waliupokea bure, na ukweli wake hakuna anayeutaka hata kwa nyongeza.

"Kamugisha! Nikikupa uthibitisho?"

"Upi?" Kamugisha aliuliza.

Hakungoja ajibiwe, akarudi hatua mbili. "Kama kweli unamwamini, mpe simu yako. Aifungue, mie nimesimama hapa hapa. Unafikiri hatujui? Tangu uinunue hujamwachia hata mkeo."

Ilikuwa kweli. Leodegar aliitoa taratibu mfukoni, akaifungua, akaiweka mezani. "Spika inakoroma," alisema kwa sauti ndogo. "Itazame, mwanangu."

Venance akaichukua. Akaifungua mgongo, akapuliza, akapitisha mswaki wenye spiriti, akatoa pamba la vumbi lenye ukubwa wa harage. Mikono yake ilikuwa inacheka ingawa uso haujaanza. Akairudishia, akaiwasha.

"Tuijaribu spika," alisema, akabonyeza ujumbe wa sauti wa kwanza alioukuta. Ulikuwa wa grupu la wastaafu wa kiwanda cha rangi. Sauti ya saa kumi na mbili asubuhi. Sauti ya leo.

Leodegar akakumbuka, lakini miguu ya mzee haikimbii haraka kuliko spika iliyosafishwa.

"Wazee wenzangu wa Mikocheni!" spika ilisema, safi kama kengele ya kanisa. "Juzi nimemkamata jasusi! Kwa mikono yangu hii! Mtu wa futi sita na nusu! Alikuwa na antena mgongoni! Sasa hivi tumemfungia kwenye kibanda pale kona, leo naanza zamu ya kumlinda mimi mwenyewe..."

Kamugisha akafunika mdomo kwa mkono wenye tope la matofali.

Sauti ya pili ikafuata yenyewe. Ilikuwa ya Stephano, mwenyekiti wa grupu, na nyuma yake watu walikuwa wakishangilia. "Leo, hongera sana, jembe letu! Tumeshakodi basi la kosta. Jumamosi tunakuja watu ishirini na sita kumwona huyo mshenzi. Msimwachie! Mzee wa geti anakuja na pingu zake za zamani."

Venance aliiweka simu mezani. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Leodegar. Alivuta kiti, akakaa, akaisogeza simu kwa kidole kimoja mpaka ikafika chini ya kidevu cha mzee.

"Lipa, mzee wangu," alisema. "Sasa hivi. Nikiwa nasikia."

Leodegar alitazama barabara kushoto, akatazama kulia. Mama wa beseni alikuwa anakuja. Mwalimu Kasiani alikuwa anakuja. Bi Fatema alikuwa amesimama upande wa pili, amekunja mikono kifuani. Akabonyeza kitufe cha kurekodi. Maneno matamu yakamjia kwa makundi, yamevaa vizuri, yamechana nywele, kila moja linaomba litangulie. Akayazuia yote mlangoni.

"Stephano," alisema. "Hakuna jasusi. Kuna fundi simu, mtu mwema, ana watoto watatu. Aliyefanya yote yale ni mie."

Akaachia kitufe. Ilienda.

Kamugisha hakucheka safari hii. Aliingiza mkono mfukoni, akaitoa simu yake iliyokufa, akaipangusa tope kwenye suruali, akaiweka juu ya meza ya Venance.

Simu ya Leodegar ikalia kabla hajafuta jasho. Ilikuwa sauti fupi ya Stephano, na safari hii nyuma yake hakukuwa na shangwe, kulikuwa na watu wanavuta viti wasogee karibu.

"Leo, umesema ni wewe? Usiondoke hapo ulipo. Tunaongeza kosta ya pili."